Barua kwa mwanangu: usizipeleke sarafu za bibi kwa sonara bado

Mwanangu mpendwa,

Hapa Tabora hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama ununue seti ya sarafu za wanyama anayoiuza mwenzako kazini, zile za rangi zenye cheti cha "toleo maalumu", na kama umuuzie sonara sarafu nyeusi alizokuachia bibi yako, maana amekubali kuzichukua kwa gramu. Naanza na za bibi, kwa kuwa zikishayeyushwa hazirudi.

Katika picha ulizotuma naona rupia tatu za Wajerumani, zenye kichwa cha Kaiser (mfalme wao) Wilhelm wa Pili. Ile yenye simba na mtende nyuma ni ya zamani zaidi. Ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kabla ya rupia mpya za mwaka 1904 zilizogawanywa kwa heller 100, yaani senti zao. Rupia hizo zilifuata kipimo cha rupia ya India iliyokuwa imezoeleka pwani: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni madini ya fedha. Kila moja basi ina karibu gramu 10.7 za fedha tupu, na zote tatu zinapita kidogo wakia moja ya soko la dunia, ambayo ni gramu 31.1. Angalia bei ya wakia ya fedha siku hiyo, ujue kiwango ambacho hupaswi kushuka chini yake.

Zile shilingi za simba na milima ni jambo jingine. Kuanzia 1921 hadi 1946 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na robo tu ya fedha, yaani haifiki gramu 2 kwa sarafu moja, na za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Ukiziweka zote kwenye mzani mmoja na rupia, utapunjwa bila hata mtu kukudanganya.

Lakini uzito si kila kitu, na hapa ndipo sonara na mkusanyaji wanapoachana njia. Wewe umezaliwa mji huu, kwa hiyo nitakupa mfano wa hapa hapa. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefunga bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora kwenye karakana ya reli. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, mnadani huuzwa kwa bei inayoizidi mbali dhahabu iliyomo. Hata heller 20 za mwaka huo, shaba na shaba nyeupe tu, zina watu wanaozitafuta, wakilinganisha umbo la taji na mikunjo ya herufi kwa sababu mihuri ya kupigia sarafu haikufanana. Shaba yake haina bei, wanachonunua ni historia yake, uchache wake na hali yake.

Kwa hali, nakusihi: usizisugue. Najua nyumbani tulisafisha fedha kwa majivu na limau, na kwa bangili ni sawa. Sarafu ikisuguliwa, ngozi yake ya asili inaondoka, na mkusanyaji huliona hilo mara moja na kushusha bei. Zishike ukingoni, kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi. Ile rupia iliyochomelewa kitanzi cha mkufu imeshapoteza thamani kwa wakusanyaji, itabaki na bei ya fedha yake. Hiyo ningependa usiiuze. Bibi aliivaa.

Sasa seti ya mwenzako. Muulize swali moja: ni fedha, au imepakwa fedha? Kilichopakwa ni utando mwembamba mno, ukiupima hupati kitu. Cheti nacho mara nyingi huandikwa na yule yule anayeuza. Sisemi sarafu za mapambo ni mbaya. Somalia ilitoa sarafu zenye umbo la gitaa mwaka 2004, na watu wanazifurahia. Nunua kama unaipenda, kwa bei ya kitu cha kupamba meza, usiweke akiba yako humo, kwani utakapotaka kuuza hutampata mnunuzi wa kulipa ulicholipa.

Ukitaka wanyama na fedha kwa pamoja, vipo vya kweli. Tanzania ilitoa mwaka 1974 shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya faru kwa ajili ya uhifadhi, lakini soma vizuri: kuna za fedha 500 na za fedha 925 kwa 1,000. Somalia nayo hutoa sarafu ya tembo ya wakia moja, ya fedha tupu, na picha hubadilika kila mwaka. Humo ukikosa mkusanyaji, fedha yenyewe inabaki.

Kabla ya lolote, nunua mzani mdogo wa gramu wenye desimali mbili, pima kila rupia, kisha nitumie namba pamoja na picha za pande zote mbili, mwaka vionekane pamoja na herufi ndogo iliyo chini yake, kama ipo, inayoonyesha sarafu ilipigwa wapi. Mwambie sonara asubiri.

Baba yako