Komenti za wasomaji kwenye hadithi za supahiro wa vitani: ipi uifuate, ipi uipite

Mkuu mleta mada, nimesoma kilio chako chote. Kwa watakaoingia hapa bila kupitia kule juu: ndugu yetu anaandika hadithi ya shabiki (yaani shabiki anamchukua shujaa wa katuni aliyeumbwa na wengine na kumbunia visa vipya), shujaa wake kadungwa dawa ikampa nguvu za ajabu, kisha akapelekwa Ulaya mwaka 1944. Kashatoa sura nne. Wengi wanamwandikia "endelea mkuu" na kupita zao. Mmoja kamshushia gazeti zima kuhusu bunduki. Mwingine kamwambia shujaa wake "haniingii moyoni". Wa mwisho kauliza kwa nini jitu lenye nguvu zote hizo lisiende tu Berlin likamalize kazi. Sasa hajui amsikilize nani, na anafikiria kuifuta yote.

Usifute. Hadithi za namna hii naziandika miaka sasa, na rasimu za wenzangu nilizozipitia ni nyingi kuliko zangu mwenyewe. Huyo wa Berlin, hata kama kaandika kwa kejeli, ndiye kakusaidia kuliko wote. Na yule wa "haniingii moyoni" analalamikia jambo lile lile, ila hajajua kulitaja.

Swali la Berlin lina umri sawa na supahiro wenyewe. Mwanzoni mwa 1940 jarida la Look la Marekani liliwaomba waliomuumba Superman waonyeshe angevimalizaje vita. Walihitaji kurasa mbili tu: anamkwapua Hitler, anamkwapua Stalin, anawapeleka Geneva wakahukumiwe mbele ya Shirikisho la Mataifa, kwisha habari. Kurasa mbili! Halafu Desemba 1941 Marekani yenyewe ikaingia vitani, vijana wa watu wakaanza kufa, na njia hiyo ya mkato ikafungwa. Msomaji aliyemaliza katuni alikuwa akifungua ukurasa wa habari anakuta vita bado vinaendelea. Basi mwaka 1942, kwenye katuni za kila siku za magazetini, ikatafutwa namna ya kujitoa: Clark Kent (ndiye Superman akiwa amevaa kiraia) anakwenda kujiandikisha jeshini, anapimwa macho, na kwa papara macho yake yanapenya ukuta, anasoma herufi za ubao wa chumba cha jirani. Daktari anamkataa. Ni kichekesho, lakini waandishi walikuwa wameshaliona tatizo lako: shujaa asipopewa sababu ya kutomaliza vita, kila ukurasa unaofuata unanuka uongo.

Captain America hakupata shida hiyo sana. Toleo lake la kwanza, lenye tarehe ya Machi 1941, jaladani anamtandika Hitler ngumi ya uso, na wakati huo Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Lakini ukiacha jalada, ni mtu mwenye nguvu na wepesi kupita kawaida, basi. Hapai angani. Risasi anaikinga kwa ngao kwa sababu kifua hakitaikinga. Mtu wa aina hiyo unaweza kumweka vitani miaka na msomaji asikuulize chochote.

Sasa mtazame wa kwako. Sura ya 2 ananyanyua kifaru. Sura ya 3 anaruka mto mzima kwa hatua moja. Sura ya 4 kajibanza handakini na wenzake, anatetemeka, kisa Wajerumani wana rashasha kule mlimani. Hapo hata mimi niliuliza "ananyanyua vifaru, anaogopa nini?" Kaa chini uandike pembeni, si ndani ya hadithi, mambo asiyoyaweza. Yawe machache, na yawe yanauma. Kisha usimruhusu kuyavuka hata pale utakapobanwa na mwisho wa sura.

Nikija kwa "haniingii moyoni", nitakupa mfano wa rasimu niliyowahi kuisoma, mwenyewe karidhia niisimulie. Ilikuwa kwenye misitu ya Ardennes, Ubelgiji, Desemba 1944, theluji, shujaa na rafiki yake ndani ya shimo moja. Wajerumani wanakuja, shujaa anatoka, anapindua kifaru, kikosi kinashangilia, rafiki anapiga kelele "wewe si binadamu!" Imeandikwa kwa ufundi tu, na ilikuwa baridi kama kuta za ofisi. Nilimwandikia swali moja pembeni ya ukurasa: miguu ya rafiki yake ikoje?

Niliuliza hivyo kwa sababu majira yale ya baridi yaliwaondoa mstari wa mbele maelfu ya askari wa Marekani ambao hawakuguswa na risasi. Mguu ukishinda siku nyingi ndani ya buti lililolowa na baridi, damu inaacha kufika vizuri, nyama inaanza kufa. Askari waliamriwa wavue buti kila siku, wasuguane miguu, wabadili soksi, na zile zilizolowa wazikaushe kwa joto la mwili, zikiwa zimevaliwa ndani ya shati. Maumivu huja mwanzoni. Baadaye mguu unakufa ganzi na mtu hasikii kitu. Jack Kirby, mmoja wa wawili waliomuumba Captain America, alikuwa askari wa miguu Ufaransa mwaka huo huo wa 1944, na baridi ilimuumiza miguu vibaya mpaka akalazwa hospitali. Mtu aliyechora ile ngumi ya jaladani!

Mwandishi akarudi na ukurasa mwingine kabisa. Dawa imemwondolea shujaa hisia ya baridi. Usiku wa kwanza rafiki analalamika miguu. Usiku wa pili analalamika tena, shujaa anamtania. Usiku wa tatu kanyamaza, na shujaa anashukuru Mungu kwamba mwenzake kapata nafuu. Kulipokucha wanamvua buti, soksi inatoka na ngozi. Kifaru hakimo tena kwenye sura hiyo. Watu waliokuwa wakiandika "endelea" wakaanza kumtaja rafiki kwa jina, wengine wakamtukana shujaa kwa kutoona. Nguvu zake ndizo zilizompofusha, na hapo ndipo alipoanza kupendwa. Ukisoma tena komenti ya "haniingii moyoni" kwa jicho hilo, utaona msomaji hakuwa anaomba mapigano zaidi wala machozi zaidi. Anataka kujua hiyo dawa imemgharimu nini huyu mtu.

Mzee wa bunduki sasa. Kasema huwezi "kubadilisha magazini" (kile kisanduku cha risasi) kwenye M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani, na yuko sahihi: zilikuwa risasi nane zilizoshikwa pamoja na kishikizo cha chuma, unazisukuma ndani kwa mkupuo mmoja, na ya mwisho ikitoka kishikizo kinaruka nje na mlio wake maarufu. Badilisha sentensi, mshukuru, songa mbele. Ni kazi ya dakika mbili na haigusi hadithi.

Ila katika lile gazeti lake kuna mambo mawili uliyoyaruka kwa hasira, na hayo yanagusa. La kwanza ni barua. Shujaa wako anamwandikia mchumba wake jina la kijiji alipo, jasusi anaiiba, Wajerumani wanakuja. Barua za askari wa Marekani zilisomwa kwanza na maofisa wa kikosi chao, na majina ya mahali yalifutwa au kukatwa kwa wembe. Kwa hiyo sura yako ya 3 yote imeegemea barua isiyoweza kuwepo. Usihuzunike, maana hapo kuna kitu kitamu zaidi: mtu anayejua ofisa wake atasoma kila neno, na bado anataka mchumba ajue yuko wapi. Atatumia utani gani wanaoujua wao wawili? La pili ni redio. Hakukuwa na redio ya mfukoni ya kuongea na London ukiwa msituni. Ile ya kubeba mgongoni, SCR-300, ilikuwa na uzito wa kilo 15 mpaka 17 na sauti yake ilifika kama kilomita 5. Bahati nzuri una mtu wa kuibeba bila kuhema.

Wajuzi wa vita nao si malaika. Mzee huyo huyo kakuambia askari mweusi na mweupe "kamwe" wasingekuwa kampuni moja, yaani kikosi kimoja cha jeshi. Ni kweli jeshi la Marekani liliwatenga, na amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi huo ilikuja 1948. Lakini baada ya hasara kubwa ya Ardennes, wanajeshi weusi waliojitolea waliundiwa platuni (vikosi vidogo) na kuunganishwa na kampuni za wazungu mapema 1945. Kwa hiyo ukisogeza tarehe yako kidogo mbele, yule sajenti wako mweusi anabaki, na atakuwa na mengi ya kusema kuhusu kwa nini imechukua muda wote huo. Mtu akikuandikia "kamwe" au "daima", kaangalie mwenyewe kabla hujaua mhusika.

Walinzi wa kanoni, wale wanaotaka kila kitu kifuate katuni rasmi, sitawapa muda mrefu. Watakwambia ngao ya Captain America ni ya duara; toleo la kwanza ilikuwa ya pembetatu, duara ilikuja toleo la pili. Watakwambia Bucky, kijana msaidizi wake, alikufa mwaka 1945. Kifo hicho kilisimuliwa 1964, katuni za wakati wa vita zilimwacha hai. Andika juu kabisa ya hadithi unafuata toleo lipi la shujaa, na ugomvi nusu utakufa hapo hapo.

Kuna komenti moja bado hujaipata, lakini itakuja, kwa sababu umeahidi kwamba sura ya 6 shujaa atavunja lango la Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wanajeshi walioingia Auschwitz walikuwa Wasovieti, tarehe 27 Januari 1945. Wamarekani walifika kambi nyingine, Buchenwald, tarehe 11 Aprili. Hilo ni kosa la ramani, linarekebishika. Gumu zaidi ni hili: ukimfanya mtu mmoja mwenye ngumi nzito awaokoe watu wote wa pale, msomaji atakumbuka kwamba hakuna aliyekuja hivyo, na kwamba waliokufa walikufa kweli, wengine wakiwa na ndugu walio hai mpaka leo. Nimeshuhudia mwandishi mzuri akipoteza wasomaji wake wote kwa sura kama hiyo, na sikuwalaumu. Mimi ningemleta shujaa akiwa amechelewa. Milango iko wazi, wenye nguvu ya kutembea wametoka, na kwa mikono ile inayopindua vifaru inabidi amshikie mtu kikombe bila kumwaga, na amzuie asile haraka, maana waliodhoofika sana kwa njaa waliweza kufa kwa kupewa chakula kingi ghafla.

Hao wa "endelea mkuu" usiwadharau. Wamesoma bure, na wewe umeandika bure, hakuna anayemdai mwenzake insha. Ila watazame wanapopungua. Kama sura ya 2 ilikuwa na kelele na ya 3 kimya, hicho kimya nacho ni maoni. Na ukitaka wakuambie zaidi, acha kuwauliza "mnaionaje?" Wote watajibu "nzuri". Uliza kitu chenye mpini: wapi mliruka mistari? Mnadhani sajenti anamwamini shujaa au anamwogopa? Wenye aibu watajibu hilo la pili kwa sentensi moja, na sentensi hiyo itakuonyesha kama ulichoandika kimefika.

Usibishane na yeyote chini ya sura. Hata ukishinda, wengine wanaona mwandishi ni mkali na wanaacha kusema ukweli. Wala usirudi nyuma kubadilisha sura zilizokwisha toka kila komenti inapoingia; wanaofuatilia watapotea. Weka daftari, rekebisha yote hadithi ikiisha. Nitatoa ruhusa moja tu, hiyo barua ya sura ya 3, kwa sababu kila kinachofuata kimejengwa juu yake. Iandike upya kabla hujagusa sura ya 5, halafu mjibu mzee wa bunduki umwombe aipitie kwanza. Watu wa aina yake wakiombwa kwa heshima hugeuka kuwa wasomaji wa rasimu bora kuliko marafiki zako wote.