Grauti: pima mianya, usipime sakafu

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi ya vigae, nilijaza mianya ya sakafu ya mita 20 za mraba kwa mfuko mmoja wa kilo 5 wa grauti, ile poda inayokorogwa na maji kuziba mianya kati ya vigae, na poda ikabaki. Vigae vilikuwa vikubwa, sentimita 60 kwa 60. Kazi iliyofuata ilikuwa ukuta wa bafu, mita 4 za mraba tu, wa vigae vidogo vya mosaiki. Nikajiambia masalio yatatosha na chenji. Yaliisha kabla sijafika nusu ya ukuta.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu eneo. Grauti haiendi kwenye kigae, inaenda kwenye mwanya, na kigae kikiwa kidogo mianya huwa mingi. Kwa hiyo anza kwa kutafuta urefu wa mianya ndani ya mita moja ya mraba: gawa 1,000 kwa urefu wa kigae kwa milimita, gawa tena 1,000 kwa upana wake, kisha jumlisha. Kigae cha 600 kwa 600 kinakupa mita 3.3 hivi. Mosaiki ya 25 kwa 25? Mita 80!

Sasa zidisha urefu huo kwa upana wa mwanya na kina chake, vyote viwili kwa milimita. Jibu ni sentimita za ujazo. Grauti ya kawaida ya saruji hula takriban gramu 1.6 za poda kwa kila sentimita moja ya ujazo. Sakafu yangu ilikuwa na mwanya wa milimita 3 na vigae vya unene wa milimita 10: 3.33 × 3 × 10 × 1.6, yaani gramu 160 kwa mita ya mraba. Mita 20 ni kilo 3.2. Mosaiki, mwanya wa 2 na unene wa 4: 80 × 2 × 4 × 1.6, zaidi kidogo ya kilo moja kwa mita. Ukuta wa mita 4 ulitaka kilo 4 na ushee, kuliko sakafu nzima iliyouzidi mara tano!

Kina ndicho kinachowapotosha wengi. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke mwanyani hadi igote, bana kwa ukucha usawa wa uso wa kigae, uipime kwa rula. Fanya hivyo sehemu tano sita. Ukikuta njiti inazama milimita 3 tu kwenye kigae cha milimita 10, usifurahie kwamba utaokoa poda: gundi imepanda, na grauti nyembamba namna hiyo hupasuka na kubanduka. Ikwangue gundi hiyo kwanza, na hesabu utumie unene kamili wa kigae.

Ongeza asilimia 10 kwa ile inayobaki ndooni na inayoondoka na sponji. Kigae chenye kingo zilizochongwa mshazari au zisizonyooka kiongezee zaidi, maana mwanya wake juu ni mpana kuliko kimisalaba (kile cha plastiki cha kutenga vigae) ulichoweka. Kona za ukuta kwa ukuta, na ukuta kwa sakafu, usizihesabu. Hizo ni za silikoni, kijazio kinachonyumbuka.

Nunua mifuko yote siku moja na uangalie namba ya bechi, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani, iwe ileile. Mimi nilirudi dukani nikachukua rangi yenye jina lilelile, kijivu kile kile, bechi nyingine. Ilipokauka, ukuta ukawa na mstari wa usawa wa kiuno, chini kijivu, juu kijivu kingine. Maji nayo hubadili rangi, kwa hiyo ndoo ya kwanza na ya mwisho zipimie maji kwa chombo kimoja, si kwa jicho.

Poda itakayobaki itie kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, na juu yake uandike rangi, bechi na chumba ilikotumika. Kigae kikija kuvunjika, utaanzia hapo.