Gereji ya Wasomaji: Injini, giaboksi na petroli kwenye gari la kuunda mwenyewe

Naunda gari la michezo la viti viwili kwa chesisi ya skwea paipu, nakusudia lisizidi kilo 600. Nimepata injini tatu: 1JZ-GE ya Mark II, 3S-GE ya Altezza pamoja na giaboksi yake ya gia sita, na 1ZZ-FE ya Corolla Runx ya otomatiki. Sehemu ya nyuma sijaichomelea bado. Nichukue ipi? Msomaji, Morogoro

Iache 1JZ. Ni injini imara, lakini ni ndefu, bloku yake ni ya chuma, na uzito huo wote utalala kwenye pua ya gari ambalo umelipunguza kilo moja moja. Kati ya mbili zilizobaki, sisi tungechukua 1ZZ na kuifunga nyuma ya viti.

Piga hesabu. Altezza ya gia sita ina nguvu farasi 210 na uzito wa kilo 1,340 hivi, yaani farasi 157 kwa tani. Injini ya farasi 130 tu, ndani ya gari la kilo 600, inakupa farasi 217 kwa tani. Tena bloku ya 1ZZ ni ya alumini, taimingi yake ni ya cheni, na Toyota wenyewe waliifunga nyuma ya viti kwenye gari lao la michezo, MR-S ya mwaka 1999.

Usinunue injini tupu. Nunua nosikati, yaani nusu ya mbele ya gari, waya zikiwa hazijakatwa hata mmoja, kompyuta ikiwepo, sensa ya hewa ikiwa kwenye bomba lake, na shafti zote mbili. Mwombe muuzaji na pampu ya ndani ya tangi la gari hilohilo. Bei ya injini si tatizo kubwa. Pesa humalizikia kwenye kuoanisha vitu vya magari matatu. Giaboksi ya otomatiki haikufai. Za mkono za Toyota za familia ya C zinaingia kwenye 1ZZ, ila utahitaji pia flaiwili, klachi na silinda zake, kebo za gia ndefu, na kompyuta ya gari la gia za mkono. Ukiacha kompyuta ya otomatiki, itaendelea kuitafuta giaboksi isiyokuwepo.

Kabla ya kulipa, fungua plagi. 1ZZ za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa kula oili: matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba, ringi zikaganda. Plagi yenye ukoko mweusi wa oili ni dalili tosha. Pima kompresheni silinda zote nne. Tofauti ikizidi baa 1 kati ya silinda na silinda, tafuta injini nyingine.

Wakati wa kufunga, usiigeuze. Upande uliotazama mbele kwenye Runx uendelee kutazama mbele. Ukiigeuza ili ekzosi ikae unapopenda, utakuwa na gari lenye gia moja ya kwenda mbele na tano za rivasi. Acha upana kati ya magurudumu ubaki ule wa Runx, shafti zitaingia bila kukatwa. Habu za mbele za Runx ukizihamishia nyuma zinakuja na mikono ya usukani: funga kila mkono kwenye chesisi kwa rodi ya kurekebisha, yenye urefu sawa na mkono wa chini wa saspensheni na iliyo sambamba nao. Rodi ikiwa fupi mno, gurudumu la nyuma litajipinda lenyewe kila linapopanda tuta, na hilo ni jambo la kumtoa mtu barabarani. Rejeta ikae mbele. Kila mahali mabomba ya maji yanapopanda kisha kushuka, weka nati ya kutolea hewa, maana hewa ikikwama silinda hedi inapinda.

Ukitaka lazima injini ikae mbele, chukua ya Altezza nzima hadi difu (gia za ekseli ya nyuma). Propela, yaani shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, itakatwa na kubalansiwa upya. Ncha ya giaboksi na pua ya difu ziwe sambamba, kila jointi ikiwa na pembe ya digrii 1 hadi 3.

Gari letu la kuunda lina injini ya EFI, yaani inayopuliziwa petroli na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Tangi likibaki robo, kwenye kona ndefu injini inakata halafu inarudi. Fundi anataka tuweke kabureta. Ni sawa? Msomaji, Nakuru

Hapana. Kabureta ina bakuli lake la akiba ndiyo maana inavumilia, lakini ukiitegesha Nakuru, ukishuka Mombasa hewa ni nzito zaidi na mchanganyiko utakosa petroli. EFI inajirekebisha. Tatizo lenu liko kwenye tangi: petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, presha inaanguka. Pampu hupozwa na petroli hiyohiyo, kwa hiyo mkiacha hivyo itaungua.

Tengenezeni kikopo kirefu cha lita 1 hadi 1.5. Pampu ndogo ya presha ya chini itoe petroli tangini na kukijaza. Pampu ya EFI ivute chini kabisa ya kikopo, ipeleke kwenye nozeli kupitia regyuleta ya presha ya baa 3, na ziada irudi kikoponi. Juu kabisa, bomba la tatu lirudishe petroli na hewa tangini. Pampu kubwa kupita kiasi haiongezi nguvu: injini ya farasi 160 hunywa takriban lita 50 kwa saa ikikanyagwa mpaka mwisho, na ziada inazunguka ikipata joto tu.

Mpira wa petroli wa kabureta haustahimili baa 3. Nunueni wa EFI. Pampu zipite kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayoamriwa na kompyuta, ili injini ikizimika nazo zizime. Tunaona magari mengi ambayo pampu imeunganishwa moja kwa moja na swichi ya ufunguo. Gari likipinduka, pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi yenye moto. Rekebisheni hilo kabla ya kikopo. Na msichomelee tangi lililowahi kutiwa petroli, hata kama limekaa wazi mwaka mzima, undeni jipya.

Nimetumia giaboksi na difu ya Altezza ya uwiano wa 4.1, lakini matairi yangu ni 185/60R14. Mbona injini inalia sana safarini? Msomaji, Tanga

Matairi ya Altezza, 215/45R17, yana kipenyo cha milimita 625. Yako yana 578. Umefupisha gia zote kwa asilimia 8 bila kugusa difu. Kwenye gia ya tano, ambayo uwiano wake ni 1.000 (propela inazunguka sawa na injini), mizunguko 3,000 inakupa kilomita 80 kwa saa badala ya 86. Tafuta difu ya 3.7 hivi: utapata 88, na kwa gari jepesi gia ya kwanza bado itakuwa na nguvu ya kutosha.