Vidole vyangu vinajua, mimi sijui kueleza

SWALI

Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa meza ya kubadilisha pesa hapa Birere, huu ni mwaka wangu wa 17. Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisani kwetu aliniletea noti ya dola 100. Nikaishika, papo hapo nikamrudishia: "Papa, hii siipokei." Akauliza kasoro iko wapi. Haikuwa imechanika, haikuwa ya zamani. Sikuwa na jibu. Nikabaki kusema tu kwamba si nzuri, naye akaondoka amekasirika. Baadaye aliipeleka benki, mashine ikaikataa.

Nyumbani nilisimulia kwa furaha, lakini mtoto wangu anayesoma chuo kikuu akanicheka. Eti sikujua, nimebahatisha, kwani asiyeweza kutaja sababu hana haki ya kuamini. Neno hilo halinitoki. Je, nilijua au nilibahatisha? Na yule mzee nilipaswa kumwambia nini?

Mama wa Birere, Goma

JIBU

Mama, pole kwa kuchekwa na mtoto uliyemlipia minervali, yaani karo, kwa vidole hivyo hivyo.

Usimlaumu sana, hakulitunga yeye. Amerudi nyumbani na upande mmoja wa ugomvi wa wanafalsafa, tena upande wenye heshima zake. Wanaitwa wafuasi wa internalizimu. Mimi nitawaita watu wa ndani. Wanadai kwamba linalonipa haki ya kuamini jambo lazima nilione mwenyewe nikijichunguza. Wapinzani wao, watu wa nje, hawajali kama naliona. Wanauliza njia iliyonifikisha kwenye imani hiyo ni njia gani: hufikisha watu kwenye ukweli mara nyingi, au huwapoteza? Mmarekani Alvin Goldman aliitetea hoja hiyo mwaka 1979, na kwa kipimo chake wewe ulikuwa umeshinda kabla mashine ya benki haijawashwa. Noti ya dola si karatasi ya kawaida. Ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na wino wake umeinuka kidogo. Tofauti ipo kwenye noti, vidole vinaipokea, ila havikupelekei ripoti.

Sasa nimtetee mwanao. Mwaka 1980 Laurence BonJour, Mmarekani pia, alibuni kisa cha mtu aitwaye Norman. Norman ana kipaji cha kuona ya mbali, na kipaji chenyewe hakikosei, lakini hana ushahidi wowote kwamba anacho. Siku moja anaamini kwamba rais wa Marekani yuko New York, na kweli yuko. BonJour anasema hata hivyo Norman anaamini ovyo, na mimi nakubaliana naye. Mtu wa namna hiyo akisimama sokoni kwetu kutangaza (na hatujawahi kuwakosa), simpi hata franka mia, hata kama leo amepatia.

Lakini wewe si Norman. Una miaka 17 mezani. Unakumbuka noti ulizozikataa zikaja kuthibitika bandia, na unakumbuka hasara za mwanzo, wakati mkono ulikuwa bado haujazoea. "Mkono wangu umeshajaribiwa" ni sababu kamili, nayo iko kichwani mwako, pale pale watu wa ndani wanapoitaka iwe. Mwanao amedhani kwamba usipoweza kuichambua noti basi huna sababu yoyote. Huna ya noti, unayo ya mkono.

Anayenisumbua mimi zaidi ni bibi yangu. Tulikaa upande wa magharibi ya mji, na kulikuwa na bonde dogo alilotukataza kushuka alfajiri. Alisema mna mazuku, na mazuku kwake ni pepo anayenyonga. Mbuzi walikuwa wamefia mle bila jeraha. Leo tunajua ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, haina rangi, na usiku usio na upepo hujikusanya mabondeni. Basi bibi alikuwa na haki ya kuamini? Nilipokuwa mwanafunzi nilijibu hapana, kwa kiburi kile kile cha mwanao. Siku hizi naona alikuwa na imani mbili katika sentensi moja. Kwamba bonde linaua, hilo lilisimama juu ya mbuzi waliokufa. Kwamba ni pepo, hilo lilisimama juu ya hadithi. Ya kwanza nampa yote, ya pili simpi.

Watu wa nje nao nisiwaachie hivi hivi. Tuseme una pacha mwenye uzoefu kama wako, lakini kwenye mji wake wamezuka mafundi wa noti bandia zisizotofautika kabisa kwa mkono. Kuanzia wiki hiyo anakosea kila siku, na hajui. Je, amekuwa mjinga kuliko wewe? Kwao, njia yake imeharibika, basi na haki yake imeondoka. Mimi roho yangu inakataa, na sijaona jibu lao linaloituliza.

Kuhusu mzee: wewe kuwa na haki ya kuamini ni kitu kimoja, yeye kuonyeshwa ni kingine, na hicho cha pili ulimnyima. Siku nyingine mpe kiti kwanza. Toa noti yako nzuri ya 100, iweke kando ya yake, mwambie apitishe ukucha kwenye kola ya koti la Franklin, yule mzee aliyechorwa kwenye noti, kwa zote mbili. Kama ni zile mpya, ainamishe ule utepe wa buluu aangalie vikengele vikigeuka kuwa 100. Kisha aiinue kwenye mwanga atafute uso wa pili wa Franklin. Akiondoka amekasirika, atakuwa amemkasirikia aliyempa.