Nauli ya Kurudi Iwe Yako

Swali la wiki hii liliuliza ni jambo gani moja ambalo kijana wa Dar es Salaam azingatie anapoanza uhusiano wa kimapenzi ili abaki salama. Jibu langu ni kwamba aende kwenye miadi akiwa na nauli yake mwenyewe ya kurudi nyumbani. Najua wengi watataja uaminifu, dini na kupima afya, na sina ubishi nao, lakini asiyeweza kuondoka alipo hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa hayo mengine hayamfai sana.

Nina kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu Mbagala Rangi Tatu, kwa hiyo habari ya nauli naiona karibu kila siku. Msichana anafika dirishani akiwa ameshajiandaa, anasubiri ujumbe uingie, na ukiingia anaangalia kwanza kama ametumiwa na ya kutolea. Mara nyingi fedha hiyo inatosha kwenda tu, tuseme hadi Sinza au Mbezi Beach; ya kurudi ameahidiwa kupewa hukohuko. Simtuhumu kila anayetuma hivyo, kwa sababu wavulana nao wana kilio chao cha muda mrefu cha kuliwa nauli, na anayepokea nauli huku hana nia ya kwenda ni tapeli, hata kama mtaani tunalicheka jambo hilo. Hata hivyo, saa nne usiku, katika chumba cha mtu unayemfahamu kwa wiki mbili, kuwa na elfu kumi yako kwenye simu kunakupa sauti ambayo asiyenayo hana.

Ndiyo maana nashauri mtoko wa kwanza uwe wa mchana na mahali penye watu, kama vile Coco Beach siku ya Jumapili, badala ya geto la mtu. Ndugu au rafiki mmoja ajue unakwenda wapi na kwa nani, na ikiwezekana umtumie mahali ulipo kwa WhatsApp. Mliyejuana mtandaoni, zungumza naye kwanza kwa video, maana picha inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Akikununulia chipsi kuku na soda, mshukuru. Hajakukopesha, na hana cha kudai baadaye.

Simu nayo ina mambo yake. Mwenzi anayedai neno lako la siri, anayehoji kila namba iliyokupigia na kukuchagulia marafiki, husemwa kuwa ana wivu wa mapenzi, na mashoga zake msichana wakati mwingine humpongeza kwa kupendwa kiasi hicho. Mimi naona huo ni ulinzi wa mfungwa. Picha za utupu usimtumie mtu yeyote, hata mchumba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono, lakini mashtaka huanza wakati picha imeshazunguka kwenye magrupu.

Kuhusu umri sina maneno mengi. Tangu mwaka 1998 sheria yetu inamhesabu mwanamume anayejamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe kuwa amebaka, hata kama msichana alikubali, na anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wavulana wanaosema "alinidanganya umri" wajue hilo mapema.

Kupima virusi vya Ukimwi kumekuwa rahisi zaidi, kwani tangu mwaka 2019 kijana mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Na ikiwa mambo yameharibika, mtu akalazimishwa, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hutakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kwa hiyo asikae kusubiri kikao cha familia kiamue kwanza ndipo aende hospitali.