Mkaja apewe nani?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, naishi Tandika. Wazazi wangu walifariki nikiwa shule ya msingi, akanilea bibi mwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, muuza vitumbua. Jioni huwa natazama katuni ya The Lion Guard na wajukuu zake, na kila akitokea Bunga, yule nyegere aliyelelewa na Timon ambaye ni nguchiro na Pumbaa ambaye ni ngiri, machozi yananitoka. Shoga zangu wananicheka. Sasa upande wa mchumba wanataka kuleta posa. Baba mdogo amepiga simu kutoka Tabora: kilemba, ile zawadi ya baba wa binti, ni chake, mkaja, ile ya mama, ni wa mkewe, na bibi ni mtu baki, aje kama mgeni. Mwenyewe alipokuja Dar kutafuta kazi alipokewa Magomeni na mtu asiye ndugu yake. Je, nakosea kumwona bibi ndiye mama yangu?

Wa Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukosei hata kidogo, na hao shoga zako waache wacheke. Katuni hiyo naijua, wajukuu zangu wamenikalisha mbele yake mara nyingi. Kinachonigusa mimi kwa Bunga ni kwamba Timon na Pumbaa hawakumgeuza awe kama wao. Amebaki nyegere na ujasiri wake wa kinyegere, anawaita wajomba, na nyumbani kwake ni kwao.

Na kuna jambo zito zaidi mle. Kion, mtoto wa Simba, anapoambiwa aunde kikosi cha kulinda nchi yao, anawachukua rafiki zake: Bunga, duma, kiboko na yangeyange. Simba anakasirika, maana tangu zamani kikosi hicho ni cha simba watupu. Simba huyohuyo, katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, alipofiwa na baba akakimbia kwao, waliomwokota jangwani na kumkuza ni Timon na Pumbaa! Mtu hulelewa na wasio wake, akishakaa kwenye kiti anataka damu tupu. Niliposoma habari ya Magomeni katika barua yako nikamwona baba yako mdogo hapo.

Hata hivyo usimvunjie heshima. Kwa ndoa yetu ya Kiislamu, kama huna babu mzaa baba wala kaka, ndugu wa baba ndiye walii wako, na bibi hawezi kukaa mahali hapo hata kama amekulea kwa miaka yote. Posa ipelekwe kwake au kwa atakayemwakilisha hapa mjini. Kilemba ni haki yake, apewe kwa mikono miwili.

Mkaja ni habari nyingine. Ule ni wa tumbo lililobeba na mgongo uliobeba. Mwenye tumbo ametangulia mbele ya haki. Mwenye mgongo yupo Tandika, anaamka alfajiri kukaanga vitumbua vilivyokulipia daftari na sare za shule. Mkaja ni wake. Mke wa baba mdogo mtafutie doti ya kanga nzuri, umpelekee mwenyewe kabla ya shughuli.

Hilo la mtu baki limeniuma. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kutoka Tabora kuja Pwani. Msiba ukitokea, mtani anaingia ndani kushika kazi bila kuombwa. Mnyamwezi mtu mzima analijua hilo, ila asikumbushwe na wewe kwenye simu, mtabishana bure. Mtume mzee wa kiume wa upande wa bibi, akamwingie kwa utani kwanza, kisha amuulize taratibu ni nani aliyempokea yeye Magomeni.

Mkishakubaliana, mwambie mshenga mapema majina ya wanaopokea, kila bahasha iandikwe ya nani. Ugomvi mwingi wa posa ninaoletewa unaanzia kwenye bahasha isiyo na jina.

Siku yenyewe bibi asionekane jikoni na pilau. Akae mkeka wa mbele na wamama wa familia. Sare mkiikata, kitambaa chake kitangulie kwa fundi.