Juma la 7 la Mwaka limekwenda wapi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Ninafundisha vijana wa kipaimara kigangoni. Kijana mmoja ameona kwenye kalenda ya liturujia ya 2026 kwamba kabla ya Jumatano ya Majivu tuko Juma la 6 la Mwaka, kisha baada ya Pentekoste tunaanza la 8. Akaniuliza kama ni kosa la uchapaji. Tena hakuna Dominika ya 1 ya Mwaka popote. Nimjibu nini, na niwafundisheje wote waelewe?

Jibu: Milele, Amina. Mwalimu, mpongeze kijana huyo, kwa sababu amesoma kalenda kuliko watu wazima wengi. Hakuna kosa la uchapaji.

Majuma ya Mwaka ndiyo majuma ya Kipindi cha Kawaida, nayo ni 33 au 34, kutegemea mwaka. Sehemu yake ya kwanza huhesabiwa kwenda mbele kuanzia Ubatizo wa Bwana. Sehemu ya pili huhesabiwa kurudi nyuma kutoka Kristo Mfalme, ambayo daima ni Dominika ya 34, ili masomo ya nyakati za mwisho yaangukie mwisho wa mwaka wa Kanisa. Mwaka wenye majuma 33, hesabu hizi mbili hazikutani, na juma moja linadondoka katikati.

Mpe afanye mwenyewe. Pentekoste ya 2026 ni 24 Mei, Kristo Mfalme ni 22 Novemba. Kati yake kuna majuma 26. Toa 26 kwenye 34, unabaki na 8. Basi Jumatatu 25 Mei inaanza Juma la 8, na kwa kuwa Kwaresima ilitukatiza tukiwa la 6, la 7 halipo. Kisha mpe 2027 bila kumsaidia: Majivu 10 Februari tukiwa juma la 5, Pentekoste 16 Mei, Kristo Mfalme 21 Novemba. Akikuletea jibu kwamba linalokosekana ni la 6, ameelewa. Mwaka 2024 haukuruka kitu: tuliishia la 6, tukaendelea na la 7.

Dominika ya 1 haionekani kwa sababu siku yake imeshikwa na Ubatizo wa Bwana, ambao mwaka 2026 ni 11 Januari. Juma la 1 linaanza kesho yake, Jumatatu.

Hapa vijana huchanganya mambo mawili. Juma la 7 limeachwa lote, Dominika na siku zake. Dominika ya 8, ya 9 na ya 10 zimefunikwa tu, na Pentekoste, Utatu Mtakatifu, na Mwili na Damu ya Kristo pale inapoadhimishwa Dominika, lakini siku za katikati ya majuma hayo zipo kama kawaida. Ndiyo maana baada ya Dominika ya 6 tarehe 15 Februari, Dominika ya kijani (rangi ya Kipindi cha Kawaida) inayofuata ni ya 11, tarehe 14 Juni. Kwa Mwaka A, yaani mzunguko wa masomo wa 2026, hiyo ina maana kwamba Injili ya Mathayo 5:38-48, ya kuwapenda adui, haitasikika Dominika yoyote mwaka huu. Wape waisome nyumbani.

Kwa darasa, usichore mstari unaoanzia Januari. Huo ndio unaozaa maswali haya. Chora duara. Kwenye karatasi ya manila funga kalamu kwa uzi, nusu kipenyo sentimita 25. Mzingo utakuwa kama sentimita 157, kwa hiyo kila juma linapata sentimita 3 na majuma 52 yanaenea. Sentimita moja itakayobaki, itandaze kwenye vipande vichache vya mwisho. Anzia 30 Novemba 2025, Dominika ya 1 ya Majilio, na kila kipande kianze Dominika. Hesabu yenu iwe hivi: Majilio 4, Noeli 3, Kawaida 5, Kwaresima 6 pamoja na Matawi, Pasaka 8 pamoja na Pentekoste, Kawaida 26. (Vipande vya Kawaida ni 31, si 33, kwa sababu Juma la 1 na la 8 yamo katika vipande vya Ubatizo wa Bwana na Pentekoste.) Isipotimia 52, rudieni kabla ya kupaka rangi, maana kalamu ya rangi haifutiki.

Rangi ndiyo inayoharibika zaidi. Wanapaka kipande kizima rangi ya Dominika yake. Kile cha 15 Februari ni kijani mpaka Jumanne, kuanzia Jumatano ya Majivu ni zambarau. Kile cha 24 Mei ni chekundu Dominika tu, kisha kijani. Kile cha 21 Desemba ni zambarau hadi Jumatano, halafu nyeupe. Waridi ni mara mbili tu, 14 Desemba na 15 Machi. Parokia isiyo na kasula (vazi la juu la padre kwenye Misa) ya rangi hiyo hutumia zambarau, na si kosa. Mwaka huu 1 Novemba ni Dominika, hivyo Watakatifu Wote wanachukua nafasi ya Dominika ya 31: paka nyeupe.

Juma Kuu liwe na karatasi yake pembeni. Rangi hubadilika mara kadhaa humo, na sentimita 3 hazitoshi.